Nilimwandalia Chai Mkaguzi wa Maumivu Yangu

Mpendwa Bi. Beryl,

Naomba msaada wako, na kama inawezekana naomba uniwahi, kwa sababu nimebakiwa na siku chache na mume wangu hataki tena jambo hili lizungumzwe mezani, anasema chakula kinamkwama.

Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na mbili, nafanya kazi katika maktaba ya hapa Otterbeck, huu ni mwaka wa kumi na tisa, na majina ya humu nimeyabadilisha ingawa najua mji wetu ulivyo na wapo watakaonijua tu. Miaka mitatu iliyopita nilianza kuumwa mabega, nikasema ni baridi, maumivu yakashuka kwenye nyonga, magoti, viganja, hadi ngozi ya kichwa ikawa inauma nikichana nywele, nikapimwa damu, nikapigwa picha, nikaingizwa kwenye lile bomba linalogonga kama fundi bati, wakasema hawaoni kitu, mpaka daktari wa viungo aliponibonyeza hapa na pale kwa kidole gumba nami nikaruka kama niliyeguswa na pasi, ndipo akasema ni faibromialjia. Yaani maumivu ya mwili mzima na uchovu ambao usingizi hauuondoi, na hakuna picha itakayoonyesha chochote. Nililia kwa furaha, Bi. Beryl, hebu fikiria, mtu anaambiwa ana ugonjwa usio na dawa ya kuuponya na analia kwa furaha kwa kuwa sasa una jina.

Ningeendelea kujikaza kama uwanja wa kuegesha magari nyuma ya maktaba usingefungwa mwezi wa tatu wajenge nyumba za ghorofa. Sasa wafanyakazi tunaegesha magari chini kule kwenye mfereji, na kilima cha Chapel Row unakijua, wengine wanakipanda kwa dakika saba huku wakipiga soga, mimi kinanichukua dakika ishirini na tano, nasimama mara nne nikijifanya nasoma matangazo ya chama cha bustani, na nikifika juu vidole havishiki kitu. Majuzi niliangusha rundo la vitabu mbele ya darasa zima la watoto wa shule, wakacheka, nami nikacheka nao. Mlangoni kabisa mwa maktaba pana nafasi tatu za magari ya watu wenye ulemavu, wale wenye kibali cha bluu cha kuweka kwenye kioo, na kila siku mbili kati yake ziko tupu. Mkuu wangu, Bw. Ogden, ambaye ni mtu mpole, aliniita akaniambia, "Bi. Tetlow, usinielewe vibaya, lakini umechelewa mara kumi na moja. Kabla ya Krismasi tukae tuongee kuhusu kustaafu mapema." Nikamwambia sawa, asante. Asante! Nilipofika nyumbani nilikaa ndani ya gari nikalia, maana ile kazi naipenda, na bila hiyo sijui nitaamka asubuhi niende wapi.

Clive, ndiye mume wangu, alikuwa fundi wa mabasi na si mtu wa maneno mengi, akasema, "Omba mafao ya ulemavu, mpenzi. Ukipata alama nane kwenye kipengele cha kutembea, halmashauri inakupa kibali bila maswali. Unaegesha mlangoni, unaingia, basi." Fomu ikaja katika bahasha ya kaki, kurasa nyingi kama kitabu cha simu cha zamani, nikaijaza kwa mwandiko wangu mzuri. Je, unahitaji msaada kuvaa? Nikaandika, naweza, polepole. Kuoga? Naweza, nikishika ukuta. Kupika? Naweza, Clive akinifungulia makopo. Clive akaisoma akavua miwani. "Umeandika naweza mara kumi na nne. Hivi unaomba mafao au unaomba kazi?" Nikamwambia sitaki waone ninajilegeza.

Halafu watu wa mafao wakasema mkaguzi atakuja nyumbani. Nililala siku mbili kabla ya siku hiyo ili nipate nguvu za kumpokea, Clive akafagia na kufuta vumbi, nikavaa gauni la buluu, akanichana nywele kwa sababu mikono haikuwa inafika kichwani, nikapaka rangi ya mdomo. Ni dada mmoja mstaarabu, kijana, anaitwa Imogen. Nilifungua mlango, akasema, "Habari za leo, Bi. Tetlow, hujambo?" Nikasema, "Sijambo, nashukuru, si vizuri kulalamika, na wewe je? Umepata pa kuegesha?" Nikamkaribisha, nikamuuliza kama atakunywa chai, akasema akipata haitakuwa vibaya, basi nikaingia jikoni mimi mwenyewe, nikainjika birika, nikatoa vikombe vya harusi yetu na biskuti za tangawizi, nikaja na sinia kwa mikono miwili. Clive alikuwa amesimama pembeni ya kabati ananikodolea macho. Mimi nikadhani anaangalia biskuti.

Tulikaa karibu saa nzima. Akaniuliza naweza kutembea umbali gani, nikamwambia inategemea, labda hadi dukani kwa Bi. Sugden. Sikumwambia kwamba njiani nakaa mara tatu kwenye ukuta wa kanisa, wala kwamba Clive huja kunichukua kwa gari, wala kwamba hiyo ni siku nzuri, kwa kuwa siku nne kati ya saba hata lango letu silifikii. Hakuuliza, nami niliona si adabu kumwaga shida zangu kwa mgeni. Akamuona mbwa wetu Bramble, akauliza nani anayemtoa, nikasema mimi ndiye ninayemtoa. Ni kweli namtoa, Bi. Beryl. Namfungulia mlango wa nyuma anaenda kukojoa.

Alipoondoka nililala siku tatu, Clive akininywesha supu kwa kijiko. Kisha ripoti ikaja. Nakunukulia: "Mwombaji alisema hajambo. Alikuwa nadhifu na amejipamba. Alitayarisha chai na kubeba sinia bila msaada. Alikaa kitini dakika hamsini bila kuonyesha usumbufu. Hutembea hadi dukani, takriban mita mia moja na themanini. Humtembeza mbwa kila siku." Nimepewa alama nne za kutembea. Clive aliisoma akiwa amesimama, akasema, "Umempikia chai mtu aliyekuja kuangalia kama unaweza kupika chai." Tangu hapo ananinunia, ingawa bado ananifunga viatu.

Wamenipa mwezi mmoja tangu tarehe ya barua niombe waangalie upya uamuzi wao, na mwezi wenyewe unaisha Ijumaa ya wiki ijayo. Nami sijaandika hata mstari. Kila nikishika kalamu namkumbuka mama yangu, alifua shuka za hoteli mpaka wiki aliyofariki, na ukimuuliza hali alisema, "Napumua." Naona nikieleza siku zangu mbaya tu nitakuwa nadanganya, kwa sababu zipo na nzuri. Na wapo watu wasio na miguu kabisa, mimi ni nani niwachukulie nafasi?

Kuna na jingine, sijamwambia mtu, hata Clive. Miaka sita iliyopita, kabla sijaumwa, nilimwona msichana mmoja akiegesha kwenye nafasi ya walemavu pale sokoni, ana kibali kabisa, akashuka akatembea wima kama askari, hana fimbo hana nini. Nikatoa karatasi kwenye mkoba nikaandika, "Ulemavu wako uko wapi? Huoni haya?" nikaibana chini ya kifutio cha kioo chake. Tena nilikwenda kusimama ng'ambo nimwone akiisoma. Aliisoma, akaikunja vizuri, akaitia mfukoni, akakaa muda mrefu kwenye usukani bila kuwasha gari. Wakati ule niliona nimefanya la maana. Sasa nalala naye kichwani, na nafsi inaniambia hiki ndicho kipimo changu nilichompimia yeye. Naomba uniambie, Bi. Beryl, niandike hiyo rufaa, au nimwachie Bw. Ogden kazi yake niondoke kwa heshima zangu?

Wako,
Mwenye Haya, Otterbeck

BI. BERYL ANAJIBU

Mpendwa Mwenye Haya,

Barua yako nimeipitisha mbele ya barua ya bibi harusi mmoja na ya mzee anayegombania ua na jirani yake, watanisamehe. Gazeti linatoka Alhamisi. Ukiyasoma haya una siku nane, na mbili kati ya hizo ofisi zimefungwa.

Pole. Nasema mara moja na nimemaanisha, maana nimeisoma barua yako mara mbili na pale kwenye supu kwa kijiko nilisimama kidogo. Sasa nipe nafasi nikukaripie.

Hivi mama, nani alikuroga? Mtu katumwa na serikali aje aone kama unaweza kubeba sinia, nawe ukambebea sinia! Tena na vikombe vya harusi! Ukalala siku mbili ili siku ya tatu uonekane mzima mbele ya mtu pekee nchi hii aliyetakiwa kukuona mgonjwa. Clive ana kila sababu ya kukwamwa na chakula. Mimi mwenyewe chai yangu ilinipalia.

Najua kwa nini ulifanya hivyo, kwa sababu ndivyo tulivyo sote hapa. Marehemu mjomba wangu alianguka kutoka kwenye paa la kanisa, wakamkimbilia kumuuliza hali, akasema hawezi kulalamika, na kweli hakuweza, taya lilikuwa limevunjika. Tumelelewa hivyo. "Sijambo" hapa kwetu haina uhusiano wowote na afya ya mtu, ni namna ya kufungua mlango. Lakini yule dada hakuja kusalimiana, alikuja kuandika. Kila neno la adabu ulilolitia sikioni mwake lilitokea upande wa pili likiwa ushahidi. Angeweza kukuuliza zaidi, na alipaswa, hilo simwachii. Ila alichoandika ndicho ulichomwambia. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na wewe hukungoja hata kifo, umeumbuliwa na biskuti za tangawizi.

Unaogopa kusema uongo. Sikiliza basi: uongo umeshausema. Siku nne kati ya saba hufiki kwenye lango lako. Nne kwa tatu, hesabu hii hata wale watoto waliokucheka wanaiweza. Siku nne ndizo hali yako, zile tatu ni likizo, nawe umewasimulia likizo ukaificha hali. Ulimdanganya Imogen, kwa tabasamu na rangi ya mdomo, na aliyeumia kwa uongo huo ni wewe peke yako, ndiyo maana unauona kama wema.

Kanuni zao wenyewe, na nimezisoma kwa kuwa si wewe wa kwanza kuniandikia, zinasema mtu hahesabiwi kuwa anaweza jambo kama halifanyi kwa usalama, ipasavyo, tena na tena, na kwa muda usiopita kiasi. Kwenda kwa Bi. Sugden kwa kukaa ukutani mara tatu na kurudishwa na gari, halafu kesho yake usiamke, huko si kutembea mita mia moja na themanini. Taja ni hatua ngapi unapiga kabla hujasimama kupumzika mara ya kwanza. Hizo ndizo wanazozitafuta.

Mama yako alifua shuka hadi wiki aliyofariki. Mungu amrehemu. Alikuwa na njia nyingine? Kama hakuwa nayo, usiigeuze shida yake kuwa amri kwako. Ungemkuta leo anapanda Chapel Row kwa dakika ishirini na tano ungemwambia ajikaze?

Na wasio na miguu uwaache. Mafao haya si mkate mmoja unaogombaniwa na meza nzima. Umeandika kwa mkono wako kwamba nafasi mbili pale mlangoni ziko tupu kila siku. Unamwachia nani?

Sasa yule msichana. Ulimkosea, na ulimkosea vibaya, sitakupaka mafuta. Hukuwa na haki ya kumuuliza, na kwenda kusimama ng'ambo umwangalie akisoma ulikuwa ukatili, liite kwa jina lake. Huenda alikuwa na moyo mbovu, huenda mapafu, huenda alikuwa na hicho hicho kinachokubonyeza wewe usiku na mchana. Hutampata leo umwombe radhi. Lakini hebu niambie, ukipoteza kazi yako, yeye anafaidi nini? Unataka kujihukumu kisha ujitekelezee adhabu mwenyewe, na gharama alipe Clive kwa kukunywesha supu. Hiyo si toba. Ukimsikia mtu hapo maktaba anamsema mwenye kibali kwamba mbona anatembea, mkemee, kwa sauti, watu wasikie. Hilo litamfaa mtu.

Basi fanya hivi. Leo hii, kabla hujaweka gazeti chini, piga simu ile namba iliyoko juu ya barua yao, sema unaomba uamuzi uangaliwe upya, uandike jina la aliyekujibu na saa. Watakuuliza hujambo. Jibu swali. Kisha utume na barua ili pasiwe na ubishi, na vielelezo vingine waambie vinafuata, visije vikakuchelewesha. Kituo cha ushauri cha pale ukumbi wa mji kiko wazi Jumanne, hawatozi kitu, kuna mama mmoja pale ambaye fomu hizi anazijua kuliko wanaozichapisha. Nenda na ripoti. Mpeleke na Clive.

Barua aiandike Clive, wewe ukiwa umekaa. Nimesema Clive kwa sababu yeye hana adabu zako. Aeleze anachokifanya kila siku tangu asubuhi, viatu, nywele, makopo, supu, bila kupamba, kama anavyoeleza basi bovu kwa fundi mwenzake. Kila penye "naweza" pale kwenye fomu, aongeze kinachofuata baada yake. Unaweza kuoga, halafu? Unaweza kupika chai, halafu siku tatu zinakuwaje? Mbwa naye aelezwe, anafunguliwa mlango wa nyuma, basi. Daktari usimwombe aandike jina la ugonjwa, hilo wanalo. Mwombe aandike unachoshindwa kufanya na ni mara ngapi kwa wiki. Na kuanzia leo weka daftari kando ya kitanda, mistari miwili kila siku, nzuri na mbaya zote, na zile mbaya usizisamehe.

Wakikataa tena, kuna baraza la rufaa, wale si waajiriwa wa ofisi iliyokunyima, na wengi waliokataliwa mwanzoni wamepata haki yao pale. Hapo wengi hukata tamaa kwa sababu wamechoka. Wewe umechoka miaka mitatu na bado unakwenda kazini, kwa hiyo hilo halitakushinda. Tena usikae kungoja alama. Kibali cha kuegesha unaweza kukiomba halmashauri moja kwa moja, wakuite wakupime wenyewe. Siku hiyo nenda na uso wako wa zile siku nne mbaya, gauni la buluu libaki kabatini. Na kama mkaguzi mwingine atakuja nyumbani, chai apike Clive. Asipotaka, asinywe mtu.

Bw. Ogden mwandikie kesho. Hajui kitu, maskini, anachojua ni kwamba umechelewa mara kumi na moja na kila mara umetabasamu. Mwambie una ugonjwa gani, na kwamba sheria inamtaka mwajiri amfanyie mfanyakazi mwenye ulemavu marekebisho yanayowezekana. Omba ufike nusu saa baadaye na utoke nusu saa baadaye, omba kiti, omba ruhusa ya muda ya kuegesha karibu. Na neno ulemavu uliandike, kalamu haitakuuma zaidi ya kilima. Kuhusu kustaafu usikae kuongea chochote mpaka majibu yarudi. Akikuambia tena "tukae tuongee", usimwambie asante.

Umeniuliza uandike rufaa au uondoke kwa heshima. Ukiondoka hivi hutakuwa umeondoka kwa heshima, utakuwa umeondoka kimya, na hapa kwetu tunavichanganya vitu hivi viwili kila siku ya Mungu. Andika.

Kibali kitakapokuja, asubuhi ya kwanza utakapoegesha pale mlangoni, kuna mtu atasimama akutazame miguu. Lazima atakuwepo. Funga gari lako, ingia kazini, na usichechemee kwa ajili yake.

Bi. Beryl